Barua ya malalamiko: mashine ya kupasulia kuni, na lile tambara

Mikindani, Mtwara

Meneja wa Tawi,
Duka la Mashine na Zana,
Mtwara Mjini.

YAH: MASHINE YA UMEME YA KUPASULIA KUNI, YA NGUVU YA TANI 5, NILIYOUZIWA TAREHE 4

Ndugu Meneja,

Salaam. Natumaini hamjambo na biashara inakwenda. Mimi sijambo, ila kuni zangu bado ni magogo.

Masharti ya dhamana mmeyabandika wenyewe ukutani nyuma ya keshia, sina haja ya kuwasomea. Nitasema lililonikuta Jumatatu. Niliirudisha mashine ikiwa inavuja oili, nayo ikadondosha kidogo kwenye vigae vyenu. Kijana wenu wa mauzo hakuuliza imekuwaje. Alinitupia tambara akasema, "Futa kwanza hapo, bibi, ndiyo tuongee." Nikafuta. Nina miaka 63.

Siku ya kununua sikuja kichwa kichwa. Nilipakia kwenye bajaji kipande cha mkorosho chenye fundo la tawi ubavuni, nikakiweka juu ya kaunta. Nikasema kuni zangu ndizo hizi, mikorosho mikongwe niliyoikata na mwembe ulioangushwa na upepo, na magogo yenyewe yamelala mwisho wa kiwanja, mbali na umeme. Nilitaka mashine ya petroli. Kijana wenu akanambia ya petroli kelele tupu na inakunywa mafuta, nichukue hii, "itapasua kama muhogo." Hata penye fundo? "Kama muhogo, mama." (Siku ile nilikuwa mama. Ubibi nimeupata niliporudi na tatizo.)

Ni fundi wa huku kwetu, si ninyi, aliyenisomea ubavu wa boksi: mwisho wa unene ni sentimita 25. Kipande changu tulikipima, ni 32. Futi za kupimia mnauza, zilikuwa zinaning'inia pale pale kichwani kwa kijana wenu.

Fundi akanionyesha na skrubu ndogo ya hewa. Hulegezwa kabla ya kuwasha, hukazwa wakati wa kusafirisha. Ukiiacha imekazwa, hewa inabanwa ndani mpaka sili, ule mpira unaozuia oili, inakatika, na oili inatafuta njia. Kijana wenu aliniwashia mashine dukani ili nijifunze, na skrubu ile hakuigusa. Nami nyumbani nikafanya kama nilivyoonyeshwa, maana kitabu cha maelekezo ni Kichina kitupu. Na ule waya wa mita 30 alioniongezea kwenye bei, mwembamba kama wa redio, ndio unaifanya mota iungurume na kuchemka bila nguvu. Niliulipia 45,000.

Narudi kwenye tambara, maana halinitoki. Nilipoandika kwamba alinitupia, nilimsitiri. Alilisukuma kwa mguu, likateleza mpaka kwenye kandambili zangu. Dukani kulikuwa na watu saba. Mmoja nilimfundisha darasa la tatu, sasa ni fundi bomba mwenye watoto, akageuza uso akajifanya anachagua misumari. Nilipiga magoti kwa sababu kiuno hakikunji, nikafuta oili ya mashine yenu. Nikainuka nikasema, haya, tuongee. Akanijibu, "Mikorosho yako ndiyo migumu, bibi. Nunua shoka." Yule wa keshia akacheka.

Shoka ninalo. Nilikuja kwenu kwa sababu bega halinyanyui tena. Na mkorosho si mti mgumu. Ungekuwa mpingo ningenyamaza. Kigumu ni fundo, na fundo nililibeba mwenyewe kwenye bajaji nikamwonyesha.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kuomba mnitengenezee tu. Sasa sitaki matengenezo. Nataka 1,180,000 yangu, 45,000 ya waya, na 40,000 za kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwa sababu mlinirudisha nayo. Na kijana aje Mikindani aombe radhi, barazani, mchana, majirani wakiwepo. Nawapa siku saba.

La, siku tano. Saba nilizihesabu kabla sijakumbuka kile kicheko. Zikipita, barua nyingine itakwenda Tume ya Ushindani, na mimi nitakwenda mahakamani na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayomlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya kitu na kuutegemea ujuzi wake. Kipande cha mkorosho nitakwenda nacho. Aidha, mlinipa karatasi ya kuandika kwa mkono mkidai mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ni mbovu. Karatasi hiyo nimeitoa nakala mbili, na ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, naijua ilipo.

Mashine iko uani, chini yake nimeweka sinia la bati lipokee matone. Msitume mtu kuichukua bila pesa mkononi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani.