Mdoli wa kulalia uwe mdogo, wa kufulika, na iwe miwili

Mhariri,

Kila sikukuu zikikaribia, maduka ya katikati ya jiji letu la Mwanza hujaa madubu ya manyoya yaliyo makubwa kuliko watoto watakaopewa. Mzazi hununua kwa upendo, akitegemea kwamba dubu huyo atamtuliza mwanawe usiku, au siku ya kwanza ya kuachwa kituo cha kulelea watoto. Kwa kazi hiyo hafai. Mtoto mwenye hofu au usingizi anataka kitu cha kukumbatia kwa mkono mmoja, huku kidole gumba cha mkono wa pili kikiwa mdomoni. Sisi ni walezi wa watoto wadogo na mafundi cherehani wa Kirumba, na tunaomba nafasi tueleze namna ya kuchagua mdoli wa kulalia.

Urefu wa sentimita 20 hadi 25 unatosha. Mikono, miguu au masikio yawe membamba na yasishindiliwe sana, kwa sababu mtoto hushika kiungo, hashiki tumbo. Watoto wengi pia hupenda kusugua utepe wa lebo kwa vidole mpaka walale, hivyo lebo laini ya kitambaa iacheni. Ile ya karatasi na kijiuzi chake cha plastiki ndiyo ya kukatwa.

Baada ya hapo tazameni macho, maana ndiko ajali zinakotokea. Viwango vya vichezeo vya Ulaya vinataka jicho la plastiki linalozidi milimita 6 livumilie kuvutwa kwa nguvu ya newtoni 90, yaani karibu sawa na uzito wa kilo 9, kwa sekunde 10 bila kung'oka. Sokoni hakuna mashine ya kupimia, ila kucha zinaweza kuingizwa chini ya jicho. Likiinuka na uzi ukaonekana, au likizunguka, ling'oeni na mshone jicho la uzi mahali pake. Vivyo hivyo pua na vifungo. Kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la ndani la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Utepe wa shingoni ondoeni kabisa, na kamba yoyote iliyobaki isifike sentimita 22.

Midoli inayoimba tunaikataa moja kwa moja. Ndani yake mara nyingi mna betri ndogo bapa kama za saa, na betri hiyo ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Isitoshe, mdoli wenye betri haufuliki.

Ujazo nao una habari yake. Huku kwetu pamba ni zao la nyumbani, na fundi akiambiwa ashone mdoli huishika hiyo kwanza. Ni laini, lakini ikilowa hufanya mabonge na hukauka polepole. Msimu wa mvua tumbo la mdoli hubaki na unyevu siku nzima, kisha linaota ukungu na kutoa harufu ya uvundo. Vipande vya sponji ya godoro ni vibaya zaidi: huchakaa vikawa makombo, na mshono ukiachia makombo yanaingia mdomoni. Chagueni nyuzi nyeupe za poliesta, zile za kujazia mito. Hukauka haraka na hurudi katika umbo lake. Mdoli ukibonyezwa na kusikika punje zinasagana ndani, urudisheni mezani.

Kwa wanaoshonesha, mwambieni fundi apitishe mshono mara mbili, aache ukingo wa sentimita moja, na atumie uzi wa poliesta. Kitambaa kiwe flana au pamba iliyofumwa kwa kubana. Kabla ya kukata, kisugueni kwa kitambaa cheupe chenye maji, kwani rangi ikitoka hapo itatoka na mdomoni. Manyoya marefu yanang'oka na kumezwa, hata yakiwa mazuri namna gani machoni.

Midoli ya mtumba ya soko la Mlango Mmoja si ya kudharau. Mingi imeshonwa vizuri kuliko mipya ya bei rahisi, ila ifuliwe kabla mtoto hajaiona. Changanyeni kiasi kimoja cha maji yanayochemka na kiasi hichohicho cha maji ya kawaida. Mchanganyiko huo hufika karibu nyuzi 60, joto linaloua wadudu wa vumbi wanaochochea pumu. Tumbukizeni mdoli humo na mfunike ndoo kwa nusu saa, mahali ambapo mtoto hafiki. Ufueni kwa sabuni, suuzeni mara mbili, kamueni ndani ya taulo bila kusokota, kisha anikeni juani mkigeuzageuza. Kwa nje utaonekana mkavu mapema, kwa hiyo ubonyezeni tumboni kwa karatasi laini. Karatasi ikilowa, bado. Ziwani msiende kufulia: anayefua amesimama majini anajitafutia kichocho.

Sasa lile ambalo wazazi wengi hulisahau: nunueni miwili inayofanana, siku hiyohiyo. Ibadilisheni kila wiki tangu mwanzo, ichakae pamoja na iwe na harufu moja. Mkisubiri mpaka mmoja uanguke dirishani mwa daladala ndipo mtafute mwenzake, mtoto atanusa ule mpya mara moja na kuutupa. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyeandika juu ya vitu hivi vya kumtuliza mtoto mwaka 1953, alieleza kwamba mama anayekifua kitu hicho anaukata mwendelezo wa kile mtoto anachokijua. Hatuwezi kuacha kufua, lakini miwili ya zamu hupunguza mshtuko huo. Ndani ya mshono wa mguu tieni kipande cha kitambaa chenye namba ya simu ya mzazi.

Kwa kumzoesha, mama aulaze mdoli kifuani mwake usiku mmoja au miwili, ushike harufu yake. Mtoto akiukataa na kung'ang'ania kipande cha kanga ya mama, basi kanga ndiyo aliyoichagua. Ikateni vipande viwili vya ukubwa wa leso, mkunje pindo, na hakuna haja ya kununua kitu. Ila mtoto wa chini ya miezi 12 asilale na mdoli wala kitambaa hicho, kwani kinaweza kumziba pua. Achezee mchana mkiwa mnamwona.

Kwa vituo vya kulelea watoto tuna ombi. Vipo vinavyopokonya midoli getini kwa hoja kwamba italeta ugomvi, na mtoto aliyepokonywa hulia mpaka saa ya uji. Wekeni msumari wenye jina la kila mtoto, kwa urefu anaoufikia mwenyewe. Mdoli utundikwe wakati wa michezo na utolewe saa ya kulala. Usiazimwe mtoto mwingine, kwa ajili ya mafua na upele. Na mtoto wa kiume asiambiwe kwamba mdoli ni wa wasichana. Anapoumwa na kulazwa hospitali ya Bugando, je, anauhitaji pungufu ya dada yake?

Sikio likichanika, lishoneni mtoto akiwa anatazama, kwa uzi wa rangi ileile. Tumbo likisinyaa, ongezeni nyuzi kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, kwa sababu mdoli uliojazwa upya kwa siku moja huwa mgumu mikononi mwake na anaweza kuukana.

Walezi wa watoto na mafundi cherehani,
Kirumba, Mwanza