Vikombe 60 vyenye ngome isiyo yetu

Meneja,
Kampuni ya Uchapaji,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIKOMBE VYA PICHA YA GEREZA, KILWA KISIWANI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nina kibanda cha zawadi hapa Kilwa Masoko, mkoani Lindi, karibu na gati wanapopandia mashua wageni wanaovuka kwenda Kisiwani. Mwezi Mei niliagiza kwenu vikombe 60 vya picha kwa shilingi 9,000 kimoja, nikalipa 540,000 zote kabla kazi haijaanza, maana ndivyo mlivyotaka. Picha niliwatumia mwenyewe. Niliipiga ndani ya mashua asubuhi, maji yamejaa, Gereza, yaani ile ngome kongwe ya Kisiwani, likiwa mbele yangu.

Mzigo uliposhushwa Nangurukuru nilikuwa Lindi namuuguza mama. Mdogo wangu aliufuata kwa bodaboda, akapanga vikombe mezani, akauza vinne kwa 15,000 kimoja. Niliporudi nilikuta wageni wawili waliotoka kisiwani wakizungusha vikombe vyao mkononi, wakiuliza ngome hii iko upande gani, mbona hawakuiona. Nahodha aliyewavusha akakitazama kimoja, akasema, "Hii ya Mombasa."

Kweli. Maandishi ni "Gereza, Kilwa Kisiwani", picha ni Fort Jesus. Niliona aibu mbele ya watu wale, nikawarudishia 30,000 yao. Wawili wengine walikuwa wameshapanda basi, wamekwenda kwao na Mombasa iliyoandikwa Kilwa, na sina njia ya kuwapata.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu: "Dada, picha yako ilionyesha jengo bovu, tukakutafutia nzuri." Neno hilo limeniuma kuliko hasara.

Fort Jesus naiheshimu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni kubwa, na tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia. Lakini ina watu wake na bahari yake. Letu ni dogo, la mawe ya matumbawe na chokaa, lina minara miwili ya mviringo katika pembe zilizo kinyume, na mlango mzito wa mbao ambao kila mgeni husimama kuugusa. Wareno waliweka ngome pale mwaka 1505, wakaiacha 1512. Jengo tunaloliona leo ni kazi ya Waarabu wa Omani wa karne ya 19. Mtu aliyewahi kulitazama hata mara moja hawezi kulichanganya na lile.

Na huo ubovu mnaousema ndio habari yenyewe. Upande wa baharini ukuta umeliwa na mawimbi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka kumi! Watu wamebeba mawe na chokaa ili yasimame. Mgeni anaponunua kikombe changu nataka aondoke na ukuta ule ule aliouona, pamoja na pengo lake. Nani aliwapa ruhusa ya kuuondoa bila hata kuniuliza?

Uchapaji nao haufai. Nilikiosha kimoja mara mbili kwa sabuni ya kawaida, picha ikaanza kubanduka pembeni.

Naomba mnichapie upya vikombe 60 kwa picha yangu, bila kuigusa, na kabla ya kuchapa vyote mnitumie cha mfano nikikague. Nauli ya kuvileta, na ya kuwarudishia hivi 58 vilivyobaki, iwe juu yenu. Kama hamwezi, nirudishieni 540,000 pamoja na 30,000 niliyowalipa wageni. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha picha yangu ya awali, risiti ya malipo, na picha ya kikombe mlichonitumia. Ziwekeni pamoja mezani, mwiteni na yule kijana aliyepokea simu, mtazame.

Wenu,
Mwenye kibanda cha zawadi,
Gatini, Kilwa Masoko.