Kabla hujajaza fomu ya chuo

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza udaktari wa meno husomewa miaka mingapi. Inategemea nchi. Uingereza wengi huingia wakitoka sekondari na kusoma miaka 5. Marekani kwa kawaida mtu humaliza kwanza shahada ya miaka 4, kisha huanza mingine 4 ya chuo cha meno. Karibu kokote utakakoomba utaulizwa biolojia na kemia, kwa hiyo kemia usiipe mgongo.

Mwanzoni utasoma karibu yale yale ya madaktari wengine: anatomia, fiziolojia, dawa, vijidudu. Usinung'unike kwamba moyo na figo havikuhusu. Mgonjwa wa kisukari fizi zake huharibika upesi na vidonda vyake hukawia kupona. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda ukimng'oa jino anaweza kuvuja damu muda mrefu, na ni wewe utakayepaswa kuwa umemuuliza kabla. Kidonda kisichopona pembeni mwa ulimi huenda kikawa saratani, na daktari wa meno anaweza kuwa wa kwanza kukiona.

Hayo utayamudu, maana kusoma hakujawahi kukushinda. Kinachonipa wasiwasi ni mikono.

Utachonga meno kwa nta mpaka kila mwinuko wa gego ukae mahali pake. Utawekewa kichwa cha sanamu chenye meno ya plastiki, ukae nacho miezi na miezi kabla hujaruhusiwa kumgusa mtu. Meno ya juu utayatazama kwenye kioo kidogo, kila kitu kikiwa kimegeuka: unataka kusogea mbele, mkono unakwenda nyuma. Na mkononi umeshika mashine ambayo ncha yake huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, ilhali gamba gumu la jino, hata pale lilipo nene zaidi, ni kama milimita 2 na nusu tu. Hapo ndipo vijana waliokuwa wa kwanza darasani husikia "rudia" kwa mara ya kwanza maishani. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayewaambia. Wengine hulia chooni, kisha hurudi na kurudia. Hao ndio ninaowapenda.

Sindano ya ganzi ni somo lingine. Ya taya la juu si ngumu sana. Ya magego ya chini unaulenga mshipa wa fahamu usiouona, ukiongozwa na mfupa unaoupapasa kwa kidole, na hata wakongwe wakati mwingine hulazimika kuchoma tena. Vyuo vingine huwaanzisha wanafunzi kwa kuchomana wao kwa wao. Naona ni jambo jema.

Mtihani wa mwisho, mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, usajili na leseni vitafuata. Kupanga meno kwa waya au upasuaji wa taya huongeza miaka mingine, ila hilo tuliache kwanza.

Likizo hii omba ruhusa ukae kliniki siku chache. Usije kwangu, maana utakuwa unamtazama mama yako. Nenda kwa daktari mwingine, utazame anavyokaa, shingo yake ilivyo, na ule mkono usioshika mashine unafanya nini. Kisha uniandikie ulichokiona, hata kama umechoshwa.

Mama yako