Barua kwa mwanangu: Gladstone, Disraeli na dola iliyokuwa ikizeeka

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza nani alikuwa na haki kati ya Disraeli na Gladstone, wanasiasa mahasimu wa Uingereza, katika ugomvi wao juu ya Dola ya Uthmaniya, yaani milki ya Waturuki chini ya Sultani wao wa Istanbul, kwa kuwa mwalimu wako anataka uchague upande mmoja. Kabla hujachagua, fungua kwanza daftari la hesabu.

Oktoba 1875 Waturuki walitangaza kwamba hawawezi kulipa riba yote ya madeni yao, na mwezi uliofuata Disraeli, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akanunua hisa za Khedivi, mtawala wa Misri, katika Mfereji wa Suez kwa pauni milioni 4. Hoja ilikuwa njia ya kwenda India. Sultani alikuwa bawabu wa njia hiyo, na bawabu, hata akiwa mgonjwa, hafukuzwi wakati Mrusi anazungukazunguka nje ya ua.

Ndipo zikafika habari za Bulgaria, iliyokuwa chini ya Waturuki, ambako mwaka 1876 askari wa mgambo wa Kituruki waliwachinja raia kwa maelfu, wengi wao katika mji mdogo wa Batak. Disraeli alizipuuza kama porojo za mikahawani, na hapo, kwa maoni yangu, alijiharibia mwenyewe. Gladstone, mzee wa miaka 66 aliyekwisha kuuachia uongozi wa chama chake, alikuwa nyumbani Hawarden akiugua kiuno. Akaandika kijitabu ambacho nakala zake zipatazo 200,000 ziliuzwa katika mwezi mmoja. Alitaka Waturuki wafungashe virago, lakini soma vizuri: alikuwa akisema juu ya maofisa wao katika Bulgaria, wala si juu ya kila Mturuki aliyeishi Ulaya, kama wengi walivyokuja kumsingizia.

Urusi iliingia vitani dhidi ya Waturuki mwaka 1877. Ilipokaribia Istanbul, manowari za Kiingereza zilipita mlango wa bahari wa Dardanelles kuelekea mji huo, askari wa Kihindi wakaletwa Malta, na Derby, Waziri wa Mambo ya Nje, akajiuzulu kwa kuogopa vita. Nafasi yake aliichukua Salisbury, yule yule ambaye mwaka 1890, akiwa Waziri Mkuu, aliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland ili Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza.

Sasa tazama hesabu ilivyofungwa. Mkutano wa Berlin, ambako mataifa makubwa ya Ulaya yalikaa kuamua matokeo ya vita hivyo, ulianza tarehe 13 Juni 1878, lakini tangu tarehe 4 Sultani alikuwa amekwisha kutia sahihi kwa siri mkataba wa kuwakabidhi Waingereza Cyprus, hivyo mlinzi alichukua ujira wake kabla ya kesi kusikilizwa. Gladstone aliuita mkataba huo wa kiwendawazimu, akashinda uchaguzi wa 1880, na miaka miwili baadaye serikali yake ikaipiga Alexandria kwa mizinga na kuikalia Misri, nchi ambayo kwa jina bado ilikuwa ya Sultani. Salisbury naye alikiri mwaka 1897 kwamba Uingereza, kwa kumuunga mkono Mturuki, ilikuwa imemwekea dau farasi asiye sahihi.

Nakutumia atlasi yangu ya zamani kwa basi la Ijumaa. Ukurasa wa Balkani umechanika pembeni, lakini Bulgaria kubwa waliyoitaka Warusi na ile iliyokatwakatwa Berlin bado zinaonekana. Mama yako anakusalimu.

Ni mimi baba yako.