Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Skuli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazee wetu na wanafunzi wenzetu,
Assalaam aleikum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Nawe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu na kuacha shughuli zako kwa ajili ya watoto wa skuli.

Ulipoingia ulipita kwenye meza yenye kawa mbili. Kawa ya kwanza imefunika majani ya chai gramu 57, siagi gramu 57, jibini gramu 57, sukari gramu 227 na yai moja. Tumevipima wenyewe kwa mizani ya duka la jirani. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, mtu mzima nchini Uingereza alipata takriban hivyo kwa wiki nzima, ingawa vipimo vilikuwa vikipanda na kushuka. Wao walihesabu kwa wakia: chai wakia 2, sukari wakia 8.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwaka huu klabu yetu imechagua somo la mgao wa chakula wakati wa vita. Uingereza ilikuwa ikiagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha. Tarehe 8 Januari 1940 mgao ulianza kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe, na baadaye vikafuata nyama nyingine, chai na jibini. Kila mtu alipewa kitabu chake cha kuponi, akajiandikisha kwa mwenye duka mmoja, na serikali ikampelekea mwenye duka huyo mzigo unaolingana na idadi ya watu wake. Bei nayo ilishikwa na serikali. Hapa ndipo tulipokaa sana katika mijadala yetu, kwa sababu kuponi peke yake haimlishi mtu asiye na fedha. Kikigawanywa kipimo bila kushika bei, maskini atabaki na karatasi mkononi.

Waziri wa Chakula tangu Aprili 1940 alikuwa Lord Woolton, mtu aliyetoka katika biashara ya maduka makubwa. Katika wakati wake vitabu vilitofautishwa kwa rangi. Cha kijani kilikuwa cha wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5, nao walitangulizwa kwenye maziwa, matunda na mayai. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vichache zaidi vita vilipomalizika kuliko vilipoanza. Sisi wa klabu tulisoma habari hiyo mara mbili: nchi inapigwa mabomu, na watoto wake wanazidi kupona.

Kasoro zilikuwepo. Mwenye fedha aliweza kula hotelini bila kuponi, hata ikabidi mwaka 1942 iwekwe amri kwamba mlo wa hotelini usizidi shilingi 5. Mgao wenyewe haukuisha mpaka Julai 1954, miaka tisa baada ya vita. Hata hivyo kwa jambo moja tunawasifu bila kusita: bwana mwenye shamba na mfanyakazi wa bandarini walipewa wakia zilezile za chai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kawa ya pili imefunika sahani mbili, moja ya mchele na moja ya unga wa mahindi. Hiyo ni habari yetu wenyewe hapa Zanzibar.

Mchele tuliokuwa tukila ulitoka kwa wingi Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar. Machi 1942 Wajapani waliuteka mji wa Rangoon wa huko Burma na njia ya mchele huo ikakatika. Bengal, jimbo la India ya wakati huo, nako kulitegemea mchele wa huko. Mwaka uliofuata njaa ya Bengal iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 3, ilhali serikali ilikuwa imekwisha kuwanyang'anya wanavijiji mashua zao zisije zikatumiwa na adui. Bengal, Zanzibar na London zote zilikuwa chini ya himaya moja ya Waingereza.

Hapa kwetu mgao ulipokuja, uliandikwa kwa kabila. Mwarabu na Mhindi waliandikiwa mchele. Mwafrika akaandikiwa mahindi, kwa dhana kwamba hicho ndicho chakula chake, kana kwamba mama wa Ng'ambo, mitaa ya Waafrika pale mjini, au wa shamba hakupata kupika wali wa nazi maishani mwake. Jina la kabila likawa na uzito wa chakula jikoni, na wapo waliotafuta kuandikwa kabila jingine ili watoto wao wapate mchele. Serikali iliyojua kumpimia mtu wa London sawasawa na jirani yake ilipofika visiwani iliiacha mizani hiyo, ikawauliza watu asili yao kwanza. Tunalisema hili kwa uchungu, maana mgawanyiko wa makabila ulikuja kuitesa sana nchi yetu, na karatasi ile ya mgao iliuzidisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tuna maombi mawili. Waliokuwa watoto wakati ule sasa wamekaribia miaka tisini au wameipita, na kila mwezi tunasikia mmoja ametangulia mbele ya haki. Tunaomba vinasa sauti viwili na nauli ya kutufikisha mashamba na Pemba, tukawasikilize waliobaki wakiwa bado wanakumbuka nani alisimama foleni na alirudi na nini. Ombi la pili ni barua yako ya kututambulisha kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, ili wanafunzi wetu wa kidato cha nne waruhusiwe kuyasoma majalada ya miaka hiyo chini ya uangalizi wa mwalimu.

Sasa tunakuomba kwa heshima usogee mezani uzifunue kawa zote mbili. Wanafunzi wawili wamesimama hapo tayari kukueleza.

Ahsante kwa kutusikiliza.