Kazi ya kuchora iandikwe kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenye watoto wanaopenda kuchora, na zaidi niseme na wachapaji wenzangu wa hapa Dodoma.

Mimi ni mchora mabango. Nilianza kwa brashi na rangi ya mafuta, nikiandika majina ya maduka ya dawa, saluni na hoteli kwenye kuta za Majengo na Chang'ombe. Mabango ya turubai yanayochapwa kwa mashine yalipoingia, wengi tulioishi kwa brashi walitafuta kazi nyingine. Mimi nilinunua kompyuta, nikafungua duka dogo la kuchapa. Tangu Serikali ianze kuhamia huku kufuatia tamko la mwaka 2016, na Dodoma kufanywa jiji Aprili 2018, kazi zimeongezeka: mabango ya semina, vitambulisho, kalenda, fulana za maadhimisho, na kadi za michango ya harusi ambazo hazina msimu.

Likizo iliyopita alikuja binti wa kidato cha nne na daftari lake la michoro, akaomba akae dukani ajifunze. Baada ya siku chache baba yake akanifuata. Hakuja kwa shari. Alinisalimu vizuri, akakaa kwenye benchi, akasema: "Fundi, huyu namsomesha kwa alizeti. Nataka kujua kitu kimoja tu. Akichora, atakula nini?"

Ni swali la haki, na mzazi anayeliuliza hastahili kubezwa.

Wiki hiyo kikundi cha wakulima wa Mpunguzi kilikuwa kimeleta kazi ya lebo ya juisi ya zabibu. Walikuja na picha waliyoitoa kwenye intaneti: zabibu za kijani, ndefu, zimewekwa mezani pamoja na jibini. Zabibu zao ni nyeusi. Binti akawaomba wamletee kishada kimoja kikiwa na jani lake. Akakiweka kwenye kaunta, akachukua penseli, akaanza na kikonyo. Kila tunda aliliachia alama nyeupe upande wa mlangoni, kule mwanga ulikotokea, halafu akapaka kwa kidole ule ungaunga unaokaa juu ya ganda la zabibu mbichi. Jani alilichora na tundu lake lililoliwa na mdudu, kisha akaniuliza kama aliache. Nikamwambia wakulima ndio waamue. Wakasema libaki, maana wateja wajue limetoka shambani.

Mchoro ule tuliupiga picha, nikamfundisha kuufuatisha kwa mistari kwenye Inkscape, programu isiyouzwa, ili uweze kukuzwa kutoka lebo ya chupa hadi bango la banda la Nane Nane pale Nzuguni bila kuvunjika. Alijionea pia kwamba skrini inatengeneza rangi kwa mwanga na mashine inatengeneza kwa wino wa rangi nne, kwa hiyo zambarau iliyong'aa kwenye kompyuta ilitoka imefifia kwenye karatasi. Akairekebisha mwenyewe, akachapa sampuli, akairekebisha tena. Kuacha milimita 3 za ziada nje ya mstari wa kukatia alielewa mara moja.

Wakulima walilipa. Kwenye risiti niliandika mistari miwili, wa kuchora na wa kuchapa, kila mmoja na bei yake. Nilimwonyesha baba yake nakala. Aliusoma mstari wa kwanza, akauliza kama hiyo ndiyo bei ya karatasi. Nikamwambia, "Hapana mzee wangu, karatasi ni mstari wa chini. Huo wa juu ni mkono wa binti yako."

Hapo ndipo nilipo na neno kwa wenzangu. Pita kwenye maduka yetu ya uchapaji, utakuta vibao vimeandikwa "DIZAINI BURE". Tumeviweka wenyewe ili kuvuta wateja. Gharama ya kuchora tunaificha ndani ya bei ya karatasi, na kijana aliyekesha kwenye kompyuta tunampa nauli. Mteja anajifunza kwamba kuchora hakuna thamani, naye mzazi anajifunza hivyo hivyo kutoka kwetu. Kisha tunalalamika kwamba madizaina wazuri wanakimbilia Dar es Salaam!

Ofisi nazo zina lake. Zinaita vijana kadhaa walete mapendekezo ya nembo, bila mkataba wala malipo. Namjua kijana aliyeambiwa mchoro wake haukufaa, halafu akauona mgongoni mwa fulana barabarani. Hakujua aanzie wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji tangu anapouchora mchoro wake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ipo kwa kazi hiyo, lakini mwanafunzi atayajulia wapi haya ikiwa hakuna anayemwambia?

Wazazi, fani hii inasomewa. VETA wanafundisha rangi na uandishi wa mabango, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, ipo Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa. Na kwa kuwa mtaala ulioanza mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, nawaomba walimu wa Dodoma wawalete wanafunzi kwenye maduka yetu waone mashine zikifanya kazi. Kwangu waje Jumamosi yoyote.

Baba wa binti yule bado hajakata shauri. Amesema asubiri kwanza matokeo ya kidato cha nne, nami naona ana haki ya kusubiri.

Wachapaji wenzangu, tuvitoe vile vibao. Bei ya kuchora iandikwe peke yake, hata ikiwa ndogo, na apewe aliyechora. Mimi nimeshaanza, na wateja hawajanikimbia. Wanauliza, naeleza, wanalipa.

Mchora mabango,
Majengo, Dodoma