Asiache shule miezi ya mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vijana wa kidato cha nne hapa Dar es Salaam wanaotaka kuacha masomo miezi michache kabla ya mtihani wa Novemba, wengine wakikimbilia bodaboda au kubeba mizigo Kariakoo. Wazazi wengi hujifariji kuwa mtoto atafanya mtihani mwakani akiwa nje ya shule. Ni faraja ya hatari.

Mtahiniwa wa kujitegemea, yaani anayefanya mtihani akiwa nje ya shule, hana alama za maendeleo ya darasani, ambazo kwa mwanafunzi wa shule huchangia asilimia 30 ya matokeo yake ya mwisho. Atapimwa kwa mtihani peke yake. Kemia na Biolojia humtesa zaidi, maana vitendo vinahitaji maabara, naye hana pa kufanyia mazoezi. Ada ya mtihani atajilipia, ilhali shule za serikali ni bila ada tangu 2016. Na kozi nyingi za cheti vyuoni hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Hata D nne zinatosha kuombea baadhi yake.

Mtoto akisema amechoka, mzazi asingoje barua ya utoro. Aende kwa mwalimu wa darasa na mkuu wa shule, athibitishe usajili wa mtihani bado upo, kisha wachague pamoja masomo manne yanayookoleka kwa muda uliobaki. Kama kikwazo ni nauli au njaa, naomba wakuu wa shule na wenyeviti wa mitaa walibebe jambo hilo mapema, kabla kiti hakijabaki kitupu.

Mdau wa elimu,
Dar es Salaam